Saba Jumlisha Nane

Dada yangu akiwa radhi nami huniita kaka. Akikasirika huniita Mwalimu. Siku moja Julai 2024 alinipigia simu kutoka Chwele nikiwa juu ya ngazi, nazibua mfereji wa maji ya mvua, akasema neno hilo moja tu: "Mwalimu." Nikashuka ngazi.

"Barua yangu uliipata?"

"Barua ipi?"

"Ya kwanza, ya pili au ya tatu. Chagua mwenyewe."

Nikamwambia sijaona hata moja. Akasema niangalie kwenye taka. Mtu mwenye akili angejibu "ngoja niangalie" na mambo yakaishia hapo. Mimi nikamjibu, tena kwa sauti ile ninayoitumia darasani, kwamba kichujio changu cha barua pepe hakikosei. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sawa, Mwalimu. Nimeshaandika. Kusema tena kwa mdomo sisemi." Akakata.

Ukweli ni kwamba hata ningetaka kuangalia kwenye taka nisingeweza, maana taka zenyewe sikuwa nazo. Nilikuwa nimekiamuru kichujio kisiziweke barua mbaya kando, bali kizifute papo hapo, zisibaki hata na kaburi.

Nafundisha hesabu hapa Kitale, naishi Kibomet, na upande wa Kiminini nina ekari mbili za mahindi zinazonifunza unyenyekevu kila msimu. Anwani yangu ya barua pepe niliifungua zamani, enzi za kulipia saiba kwa dakika, nikaitawanya kama mtu anayegawa kadi za harusi. Kila semina niliiandika. Kila daftari la wageni niliiandika. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini ilinikuta nimeshajianika mwenyewe katika madaftari ya walinzi kuanzia Kitale hadi Bungoma: jina, kitambulisho, simu, barua pepe, saa ya kuingia. Saa ya kutoka sikuwahi kuijaza, kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu bado nimo ndani ya majengo yale yote.

Kufikia 2023 sanduku langu lilikuwa soko. Alikuwepo wakili wa Lomé ambaye mteja wake alikufa bila mrithi, akaacha mamilioni ya dola, na jina lake la ukoo, ajabu ya Mungu, lilikuwa kama langu. Mbukusu tajiri aliyefia Togo bila hata shangazi mmoja kumdai! Walikuwepo wa mikopo ya dakika tano. Walikuwepo wa kamari. Walikuwepo wa dawa za nguvu za kiume, ambao walikuja kwa wingi kiasi kwamba mke wangu aliniuliza kama kuna mtu aliyekwenda kulalamika. Na walikuwepo wa green card.

Hawa wa green card wana heshima yao katika historia. Aprili 1994, Laurence Canter na Martha Siegel, mume na mke, wote mawakili huko Arizona, walibandika tangazo la bahati nasibu ya green card katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet kwa mkupuo mmoja. Ila hawakuwa wa kwanza. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kompyuta za Digital Equipment Corporation, aliwatumia watu kama 400 wa mtandao wa Arpanet mwaliko wa kuja kutazama mashine mpya. Wengi waliudhika. Yeye alisema mashine ziliuzwa. Hapo ndipo penye siri ya biashara nzima: hakulipa hata stempu moja. Sanduku la Posta la shule yetu, 30200 Kitale, ninalifungua mwaka wa ishirini sasa na sijawahi kumkuta humo wakili wa Lomé, kwa kuwa stempu ni pesa.

Wenzetu wa Kiingereza waliziita barua hizi spam, jina la nyama ya nguruwe ya mkebe iliyoanza kuuzwa Marekani 1937, kwa ajili ya kichekesho cha Monty Python cha 1970 ambamo mkahawa karibu hauna chakula kisichotiwa nyama hiyo. Sisi tukaziita taka. Mzaha umetupita, lakini hatukusema uongo.

Januari 2004, kule Davos, Bill Gates alitabiri kwamba baada ya miaka miwili tatizo la taka litakuwa limekwisha. Nilimngoja hadi Oktoba 2023. Kisha nikaamua kumsaidia.

Nilimwendea mwanafunzi wangu wa zamani anayetengeneza simu karibu na steji. Huyu kijana shuleni alipata D ya hesabu, jambo ambalo sote wawili tunalikumbuka na hakuna anayelitaja. Nikamweleza kwamba kazi yetu itasimama juu ya kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki 1761 na insha yake ikachapishwa miaka miwili baadaye, na kwamba mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alionyesha namna ya kuitumia kuchuja barua. Unakionyesha kichujio barua nzuri na barua mbaya. Kinahesabu kila neno limetokea mara ngapi upande upi. Barua mpya ikija, kinayapima maneno yake yote kwa pamoja. Neno "mrithi" linavuta kwenye taka. Neno "mtihani" linavuta kwangu.

"Kumbe ni kuchambua mahindi," akasema.

"Naam."

"Na mahindi mazuri yakiingia kwa mabovu, Mwalimu?"

Nikamwambia aendelee na kazi.

Hilo la mahindi lilinigusa kuliko alivyodhani. Mkulima wa Trans Nzoia anajua maana ya kurudishwa getini. Umekodi pikapu, umelala kwenye foleni, unafika mbele wanachoma gunia lako kwa lile bomba lao, kipimo kinasoma unyevu wa asilimia 14 na kinachotakiwa kisizidi 13.5. Nusu ya asilimia! Unageuza gari na magunia yako, unakwenda kuanika kandokando ya lami. Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kurudishwa. Sasa nilikuwa na geti langu, na kipimo changu mwenyewe, na nakiri kwamba niliwashughulikia waandishi wa barua kama vile ndio walioniambia mahindi yangu yana maji.

Bayes peke yake nilimwona mpole mno. Nikaongeza orodha ya maneno haramu: "mkopo", "nguvu", "mbegu", na "beti" kwa ajili ya wale wa kamari. Barua yenye lolote kati ya maneno hayo haisomwi wala haipimwi. Juu ya hapo nikaweka ulinzi wa tatu, ambao niliuona kuwa kilele cha ubunifu wangu. Mtu yeyote asiyekuwa katika daftari langu la anwani akiandika, kichujio kinamrudishia swali: "Samahani. Ili kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu na si mashine, jibu: saba jumlisha nane ni ngapi?" Akijibu sawasawa, anaingia. Asipojibu, barua yake inakwenda alikokwenda Mbukusu wa Lomé.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nilifungua sanduku asubuhi nikakuta barua moja, pengine mbili. Pengine hakuna. Nilitamba katika chumba cha walimu hadi mwenzangu wa Kiswahili akaniuliza kama nimepata promosheni.

Jumapili moja ya Majilio nilikuwa nimeketi kanisani kiti cha nyuma, nimevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko, nikasikia jina langu likitajwa: karibu utusomee somo kutoka Luka. Nikatazama nyuma yangu kuona ni nani mwingine mwenye jina hilo. Hakuwepo. Nikatembea hadi mbele nikiwa nimeukunja mkono kama aliyevunjika, nikamsoma Zakaria na mkewe Elisabeti kwa mara ya kwanza wiki hiyo, nikajikwaa kwenye majina matatu. Baadaye katibu akaapa alinitumia ratiba ya zamu mara mbili. Nilipofika nyumbani nikalitazama lile jina. E-l-i-s-a, halafu b-e-t-i. Kichujio kilikuwa kimemkamata mama yake Yohana Mbatizaji kwa kosa la kucheza kamari.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili na huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao mlikuwa na herufi nne zikifuatana ambazo siwezi kuziandika mbele ya watu wazima. Kisa hicho nilikijua. Niliwahi hata kuwachekesha wenzangu kwacho.

Je, nililegeza? Nilimtoa Elisabeti peke yake. "Mbegu" nikaiacha mahali pake. Tafakari hilo: katika mji ambao Kenya Seed imekuwa ikizalisha mbegu tangu 1956, ambapo mtoto wa chekechea anajua H614 kabla hajajua jina la babu yake, mtu mmoja tu alikuwa amepiga marufuku neno mbegu, na mtu huyo ana ekari mbili. Mwenye agroveti ninayenunua kwake aliwaandikia wateja wote Machi 2024 kwamba mzigo umefika na hautakaa. Wote walikwenda. Mimi nilikwenda baadaye, nikakuta rafu tupu na paka. Mahindi ya jirani yalipofika magotini, yangu yalikuwa bado yanajiuliza kama yachomoze. Jirani mwenyewe alinifariji kwamba angalau sikununua mapema ile mbolea feki iliyozua sakata mwaka huo. Hiyo nayo, niseme kwa haki, haikuja kwa barua pepe. Ilikuja kwa gunia, imeshonwa vizuri.

Halafu ukatokea ule mkasa wa usiku. Afisa mmoja aliyekuwa anaratibu semina aliniandikia Ijumaa jioni, kisha akawasha jibu la kujiendesha na kwenda likizo. Kichujio changu kikamuuliza saba jumlisha nane. Kompyuta yake ikajibu kwamba yuko likizo, ikashukuru kwa subira. Kichujio kikaona hilo si jibu la hesabu, kikauliza upya. Kompyuta ikashukuru tena kwa subira. Mimi nilikuwa nimelala. Usiku kucha mashine mbili zilizungumza, moja ikiuliza hesabu ya darasa la kwanza, nyingine ikishukuru, na hakuna hata moja iliyochoka. Kulipokucha, kampuni inayoniuzia huduma ya barua pepe ilikuwa imenifungia. Sababu iliyotolewa: anwani hii inatuma taka.

Mke wangu aliisoma mara mbili, akaenda jikoni. Nilimsikia akicheka huko peke yake, na chujio la chai likianguka.

Sasa turudi kwa dada. Baada ya simu ile ya ngazi nilikaa siku tatu nikiamini kwamba ni yeye aliyekosea anwani. Siku ya nne nilikwenda steji. Yule kijana wangu alikuwa amefanya jambo ambalo sikumwagiza: barua zilikuwa zinafutwa, ndiyo, lakini yeye alikuwa akiweka nakala kwake, "kwa sababu nakujua, Mwalimu." D ya hesabu. Akanifungulia.

Barua ya kwanza ya dada ilikwenda hivi: "Kaka mpendwa, salamu katika jina la Bwana. Nakuandikia kwa jambo la dharura. Mjomba unahitajika. Tafadhali tuma mchango wako kabla ya Ijumaa kwa namba ya mweka hazina iliyo hapa chini. Bajeti nimeiambatisha. Usimwambie Mama bado, tunataka iwe siri. Mungu akubariki."

Niisome tena kama kichujio. Mpendwa. Dharura. Tuma pesa. Namba usiyoijua. Kiambatisho. Siri. Baraka mwishoni. Mchungaji Bayes mwenyewe, mtu wa Mungu, angeitupa barua ile bila kusita. Wakili wa Lomé na dada yangu wanaandika Kiswahili kimoja. Tofauti ni kwamba wakili huanza kwa adabu zaidi na hakuhimizi upesi hivyo. Kwa kuwa dada aliandika kwa anwani mpya ya kazini, ambayo haikuwemo katika daftari langu, kichujio kilikuwa kimemtendea wema mmoja tu kabla ya kumtupa: kilimuuliza swali.

Na alijibu. Jibu la kwanza: "Kumi na tano." Limekataliwa, kwa kuwa nilikiagiza kipokee tarakimu. La pili: "15. Na uache mchezo." Limekataliwa, kwa kuwa kilitaka tarakimu pekee. La tatu lilikuwa refu, likikumbusha ni nani aliyekuwa akinifanyia hesabu za kugawanya tulipokuwa tunachunga ng'ombe, na lilikuwa na maneno ambayo sikuyaweka katika orodha ya haramu kwa sababu sikuwahi kudhani yatatoka kwa mzee wa kanisa. Chini yake palikuwa na jibu la shangazi yetu, ambaye naye aliandika kuniomba nihudhurie. Saba jumlisha nane ni ngapi? Shangazi alijibu: "Mungu ndiye ajuaye."

Katika mwezi huo mzima ni mgeni mmoja tu aliyejibu sawasawa, kwa tarakimu, bila nukta wala salamu. Alikuwa wakili wa Lomé. Au tuseme mashine yake. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sikuwa nimeketi kufikiri ni nani kati ya mashine na binadamu hujumlisha bila kuleta maneno.

Jambo lenyewe ambalo dada hakutaka kulirudia kwa mdomo nililiona kwenye ile bajeti. 2024 ni mwaka wa shufwa. Sisi Wabukusu hutahiri wavulana miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, na mpwa wangu wa Chwele alikuwa ameomba kisu. Mimi ni khocha wake, kaka ya mama. Khocha hachangii kama watu wengine wanavyochangia viti na turubai. Mvulana huja kwake kwa miguu yake, khocha humchinjia ng'ombe, na kipande cha nyama ya huyo ng'ombe, luliki, huvishwa mvulana shingoni arudi nacho kwao, watu wote waone kwamba upande wa mama umekubali. Mstari wa 14 wa bajeti uliandikwa: "Ng'ombe – Mjomba wa Kitale", na kwenye safu ya hali palikuwa na "hajibu".

Kwa hiyo Chwele nzima ilikuwa inajua kitu kimoja kunihusu, nacho hakikuwa kichujio. Mjomba amekimbia ng'ombe. Nilipiga simu; haikupokelewa. Nikatuma ujumbe wa maneno mengi, nikaeleza juu ya Bayes. Nilipousoma tena baada ya kuutuma nikaona kwamba mtu anayekwepa ng'ombe angeandika vivyo hivyo. Baada ya saa mbili likaja jibu: "Saba jumlisha nane?" Nikaandika "15". Likaja jingine: "Kwa maneno." Nikaandika kwa maneno. Kimya.

Basi nikanunua ng'ombe. Nilimnunua bila kuulizana na mtu, fahali mweusi mwenye doa usoni, nikamfunga nyuma ya nyumba Kibomet, akaanza kula maua ya mke wangu. Kijana wa steji nikamwambia azime kichujio chote. Akauliza, chote? Chote. Kesho yake asubuhi nilikuwa na barua 211, na sita kati yake zilinitakia nguvu.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, jua limeanza kuinamia upande wa Mlima Elgon, nilisikia chinyimba. Kama hujazisikia, ni njuga za chuma ambazo mvulana huzigonga kwenye bangili za chuma mikononi mwake, na hazisikiki kama muziki wa mtu anayeomba kitu. Zilianza mbali, huko barabarani matatu zinakoshushia, zikaja na filimbi, zikaja na sauti za kuimba, zikapita duka la kona, watoto wa mtaa mzima wakizifuata. Mbwa wetu, ambaye hubwekea hata mpeleka gesi anayemjua tangu akiwa mtoto, aliingia chini ya pikapu.

Zikasimama getini. Geti langu ni la bati nzito na hufungwa kwa ndani. Mtu wa nje huonekana miguu tu. Niliona miguu mingi yenye vumbi na, pembeni, viatu vya dada yangu vya kanisani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni akinitazama, wala hakusema kitu.

Mazoea ni kitu kibaya. Mkono ukiwa tayari kwenye komeo, nikajisikia nauliza: "Nani?"

Njuga zikanyamaza. Kisha sauti ya mpwa wangu, ambayo mwezi ule ilikuwa katikati ya kuvunjika, ikapaa juu ya bati:

"Kumi na tano!"